Saba Yenye Mkanda

Ijumaa baada ya sala Yaarub hushika njia ya Taqah
na ule ufagio wake unaolia,
akapangusa kingo za wadi, pale maji ya khareef
yalipokwangua udongo hadi mfupa.
Jioni huja kwangu na kifuniko cha sanduku la tende,
ndani yake vita, kwa vipande.

Mjomba, hiki nini?

Navaa miwani. Kwanza, namwambia, usikisugue kwa ndimu.
Kutu ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.
Ganda hili la shaba lina ukingo kitakoni kama kisahani:
bunduki ya zamani, ya kukoki kila risasi.
Soma duara: arubaini na tatu.
Lilifuliwa kwa vita vya watu wengine,
likakaa ghalani miaka ishirini na ushei
likingoja vyetu.
Na hili la chuma, lililopakwa rangi, halina ukingo,
hili la wale waliokuwa juu jabalini.
Watazame sasa, wamelala kifuniko kimoja,
hakuna anayemuuliza mwenzake kabila.

Hiki si cha jeshi, ni kizibo cha soda.
Hiki mkebe wa nanasi. Tulikula nanasi la mkebe,
sisi watu wa Pemba, Mungu atusamehe.

Na kile ulichokiacha kulekule,
cha mviringo, kama sufuria iliyofukiwa kifudifudi?
Hukukigusa? Apa.
Apa tena.
Uliweka mawe pembeni? Vyema.
Kesho asubuhi twende polisi, na ufagio ubaki nyumbani.

Mimi sikufyatua hata moja. Nilikuwa karani wa ghala.
Niligawa mablanketi, kandili, chupa za maji,
kila kilichotoka nikakiandika,
kila kisichorudi nikakikata kwenye mshahara.

Yaarub anafungua kilemba kikuukuu:
kuna na hiki, mjomba, kilikuwa chini ya jiwe.

Chupa ya maji. Buluu, kama vikombe vya hospitali ya Wete.
Sufi iliyoivika imeliwa yote.
Shingoni, kwa ncha ya msumari: 2717.
Saba zote mbili zina mkanda kiunoni.
Katika kambi nzima nani aliyeivika saba mkanda?
Mwalimu wangu wa Wete alituchapa kwa ajili ya mkanda ule.

Shahdad bin Murad. Mbulushi, meno mapana.
Alisimama mbele ya meza yangu mikono mitupu
akasema risasi imeingia chupani badala ya nyongani,
maji yakamteremka mguuni, akadhani damu,
akaikata kamba, akaitupa, akakimbia.
Nikamwambia: kila anayepoteza kitu ana hadithi.
Nikaandika. Riale moja na baiza mia mbili.
Akatia dole gumba.
Hakunitazama, si siku ile wala nyingine.

Naigeuza chupa.
Upande huu tundu dogo, ukingo umekunjika ndani.
Upande wa pili tundu kubwa,
bati limechanua nje kama ua la komamanga.
Natia kidole. Nakiona kinatokea
upande wa pili, kina wino, au nadhani kina wino.

Mjomba, mbona kimya? Ya Waingereza? Ya lini?

Namwambia aina yake. Namwambia kizibo kilivyokuwa,
na kamba iliyokishika kisipotee.
Jina simwambii. Nililiandika mara moja tu,
nikalikosea herufi, hakujua kusoma anisahihishe.
Nasikia alirudi Gwadar. Nasikia pia hakufika.

Yupo mtu Maskati anakusanya vitu hivi, anasema Yaarub.
Hii itafika bei gani?

Riale moja, namjibu, na baiza mia mbili.

Anacheka. Mjomba, biashara huijui.
Anakwenda kunawa mikono,
nami nabaki na chupa mapajani,
changarawe inatikisika ndani yake
kila nikivuta pumzi.